Nilivyompeleka Mkwe Wangu Kuchuliwa Maskati

Kwanza nikutoeni wasiwasi: Bi Thuwaiba hakufa. Najua nilipoteremka bandarini Mombasa peke yangu wengi mlinishika mkono mkanipa pole, na mmoja wenu, simtaji, alikwisha nisomea Fatiha pale pale gatini kabla sijafungua mdomo. Mkwe wangu yu hai, yuko Maskati kwa kaka yake, na nimemwacha huko kwa kauli yake mwenyewe. Kauli hiyo ndiyo kisa chote, maana mwaka mzima alikuwa hana kauli.

Naandika kwa sababu nimechoka kuanza upya kila anapoingia mgeni. Na kwa kuwa barua hii itafika Tanga na Dar kwa wasiotujua, naanza mwanzo. Mimi ni Raya. Bi Thuwaiba ni mama wa marehemu mume wangu, Khalfan. Tulitoka Unguja mwaka sitini na nne sisi watatu, tukakaa Mombasa, na mwaka wa pili Khalfan akafa kwa homa ya siku nne. Hatukujaaliwa mtoto. Siku ya hitima, watu walipokwisha ondoka, mkwe wangu alinambia, "Wewe ndiye uliyemng'oa mwanangu kwao. Angebaki Unguja angekuwa hai."

Hakulirudia tena neno lile, wala mimi sikulijibu. Tulipika, tukafua, tukaswali, tukazungumza mvua na samaki, na neno lile likakaa baina yetu kama mgeni asiyeaga. Kisha asubuhi moja, akiwa anachambua mchele, akaangukia upande wa kulia. Kiharusi. Mkono ukalala, mguu ukalala, ulimi nao ukalala.

Kaka yake, Mjomba Nassor, aliyerudi Oman tangu ujanani, ndiye aliyetuandikia. Kuna mganga wa Kimalabari, Mhindi wa kusini, huko Matrah jirani na Maskati, alisema. Tajiri mmoja wa Kibaniani kamleta kutoka kwao kwa ajili ya magoti yake. Anatibu kwa mafuta na kuchua, na waliokwenda kwake wakibebwa wametoka kwa miguu yao. "Mlete dada yangu," aliandika. Nikampeleka, mwanzo wa mwaka sitini na tisa, baada ya Idi ndogo.

Mombasa hadi Bombei

Njia ya Maskati ilipitia Bombei. Tulisafiri sitahani, juu ya mkeka, chini ya turubai. Jirani yetu alikuwa mjane wa Kigujarati kutoka Kisumu, mama mnene mwenye kopo la achari ya maembe ambalo hakulifungua bila kutuita. Siku ya tatu aliniangalia ninavyomlisha mkwe wangu uji, akacheka.

"Wewe, dada, kwa nini nalisha yeye kama nalisha simba? Mkono yako mbali sana."

Nikaona haya. Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimekaa mbali, nimeunyoosha mkono, kijiko mwisho wake. Mwaka mzima nilimwogesha na kumvisha hivyo hivyo, kama mtu anavyoosha chombo cha kuazima: kwa hadhari, na kwa haraka, kirudi mahali pake. Bi Thuwaiba alinitazama kwa macho yake mawili mazima, nami sikujua macho yale yanasema nini. Nilijiambia yanasema lile lile la siku ya hitima. Nilisogea kidogo. Bahari ilikuwa shwari siku zote tisa, na usingizi wa mle sitahani haukuwa usingizi wala kuwa macho. Unalala unasikia mashine, unaamka unasikia mashine.

Bombei, kungoja

Meli ya kwendea Maskati ilikuwa haipo. Tukafikia katika nyumba ya wasafiri karibu na gati, chumba kimoja wanawake kumi na wawili. Nikaenda kumuuliza karani meli yetu ni lini. "*Kal*," akasema, hakuinua hata uso. Mwanamke mmoja pale mlangoni akanifasiria: "Jana."

Nilikaa juu ya sanduku nikalia mbele za watu, nikafikiri nimemleta mgonjwa nusu ya dunia ili aikose meli kwa siku moja. Wakakusanyika watu, kila mmoja na lugha yake, mpaka mzee mmoja aliyewahi kuuza nguo Pangani akaniuliza kwa Kiswahili kizuri kabisa ninalia nini. Nilipomweleza akanipangusa machozi kwa maneno. "Mwanangu, *kal* ni jana, na *kal* ni kesho. Neno ni hilo hilo moja. Meli yako ni kesho."

Basi ikawa kesho kwa siku kumi na moja. Kila asubuhi nilikwenda, kila asubuhi karani akasema "*kal*", nami nikarudi kula dengu na mkate wa moto wa pale mlangoni. Siku ya tano nilishaacha kuhesabu. Katika jiji lile ambalo jana na kesho ni kitu kimoja, nilimkalisha mkwe wangu dirishani, tukatazama watu wanavyopita, na mara ya kwanza tangu afe Khalfan nikamwona anacheka. Alicheka kwa nusu ya uso. Alikuwa akimcheka ng'ombe aliyeingia duka la vitambaa.

Bandari ya Maskati

Tuliamka meli imetia nanga na milima imetuzunguka. Sijapata kuona milima kama ile: mikavu, myeusi, imechongoka, haina hata jani, na chini yake mji mweupe umejibanza baina ya ngome mbili. Kwenye majabali mabaharia wameandika majina ya meli zao kwa rangi nyeupe, makubwa, toka zamani. Nilitaka kumsomea mkwe wangu, lakini hata sauti yangu niliiogopa, jinsi palivyokuwa kimya.

Tulikaa hivyo mpaka alasiri tukisubiri ruhusa ya kushuka. Kisha ikaonekana kwamba wa kushuka wanateremka kwa ngazi ya kamba hadi kwenye mashua. Mgonjwa wangu je? Mabaharia walishauriana, wakamfunga kwenye kiti, kiti wakakitia kamba, wakamteremsha kama wanavyoteremsha magunia. Aliponing'inia pale hewani, buibui lake limejaa upepo, mkono wake wa kushoto ulinyooka kunitafuta. Nilikuwa bado juu. Niliita, "Niko hapa, Mama! Nnakuja!" Sikuwa nimemwita Mama tangu siku ya hitima. Lilinitoka tu.

Mjomba Nassor alikuwa mashuani. Mzee mrefu, kilemba safi, ndevu nyeupe. Alimbusu dada yake kichwani, akamshika mkono mpaka tulipofika nchi kavu.

Nyumba ya Mjomba, na pazia

Mjomba alikuwa mjane, watoto wake wamekwenda kutafuta maisha Kuwait. Nyumba yake ilikuwa ndani ya mji, si mbali na lango kubwa, na jikoni mwake alitawala Bi Gul, mwanamke wa Kibalushi aliyewalea watoto wote wale na kuokota Kiswahili chao, Kiarabu cha sokoni na Kihindustani cha mabaharia.

Mganga alikuja asubuhi ya tatu, juu ya punda, kutoka Matrah. Govindan, jina lake. Mzee mdogo wa mwili, miguu mitupu, mkononi kashika debe la mafuta kama mtu aliyeshika mtoto. Mara ile Mjomba akasema, "Mwanamme hatomgusa dada yangu." Nilidhani safari imeishia hapo. Lakini Govindan alipofasiriwa akashangaa kwa nini anakatazwa alichokuwa hataki. Kwao wanawake huchuliwa na wanawake, alisema. Kazi hiyo huifanya mkewe, na mkewe yuko Malabari. Yeye atakaa nyuma ya pazia. Inatakiwa mikono.

Bi Gul akaonyesha vidole vyake vilivyopinda kwa baridi yabisi. Wote wakanitazama mimi.

Tukatandika ubao mrefu chumbani, tukatundika pazia la kanga mbili zilizoshonwa. Govindan akakaa upande wa pili, na Bi Gul akakaa penye ncha ya pazia, awasikie wote.

"Anasema, pasha mafuta mpaka yawe moto kama machozi."

"Machozi yana moto gani?" nikauliza.

Bi Gul akamuuliza. "Anasema, hujapata kulia?"

Yalikuwa mafuta ya ufuta, yaliyochemshwa siku nyingi na maziwa na mizizi ya kwao. Harufu yake ni ya udongo uliopata mvua, na nyuma yake uchungu kidogo, kama dawa ya utotoni. Niliyamimina begani kwa Bi Thuwaiba nikaanza. Ngozi yake ilikuwa laini kuliko nilivyodhani. Nilikuwa nimeishi naye miaka kenda na sikuijua ngozi yake.

Siku tatu nilichua hivyo. Siku ya nne, nyuma ya pazia, Govindan akapiga kofi.

"Anasema unakosea," alisema Bi Gul. "Unapandisha. Anataka ushushe, toka begani uende vidoleni."

"Kanionaje?"

"Hakukuona. Anasema anasikia. Mafuta yakipanda yana sauti nyingine."

Tangu hapo nilijifunza kusikiliza. Begani hadi kiwikoni, kiwikoni hadi kiganjani, ushushe, ushushe, na kwenye viungo uzungushe. "*Dhire, dhire*," sauti ikisema, nyembamba, ya mtu anayebembeleza paka, na Bi Gul akirudia, "Polepole, polepole," mpaka wote wawili wakawa kama wanaimba. Mwanga ulipita kwenye kanga ukatuangukia mwekundu. Mara nyingine nilisahau mkono upi wangu na upi wake. Asubuhi zilipita hivyo, sikuzihesabu. Adhuhuri Govindan alipanda punda wake kurudi Matrah, nasi tukabaki tumelowa na kunyamaza.

Masharti yalikuwa mengi: asile samaki, asinywe maji baridi, asilale mchana, asikasirishwe. Na wiki ya pili ikaja dawa ya wali. Unapika mchele kwa maziwa na maji ya mizizi mpaka uwe kama uji mzito, unaufunga katika vitambaa, unachovya kwenye maziwa ya moto, unamkanda mgonjwa nao mwili mzima. Siku moja niliupika mapema nikauacha jikoni upoe, nikaenda kutandika ubao. Niliporudi sufuria ilikuwa tupu. Mjomba alikuwa amepata wageni watatu, akaona wali wa maziwa, akautia sukari na iliki, akawakirimu. Walikuwa wamekaa barazani, wanajilamba vidole, na mkubwa wao ananisifu kwamba mapishi ya Unguja yana siri.

Bi Gul alipomfasiria Govindan, pazia likatikisika. Tulidhani kakasirika. Alikuwa akicheka, mzee yule, mpaka akakohoa. "Waambie," alisema hatimaye, "leo wasinywe maji baridi."

Jioni ile Mjomba alinikalisha kitako. "Raya, dada yangu hatorudi Mombasa. Sisi tulikuwa sita, tumebaki wawili. Wewe ukitaka kaa, ukitaka nenda, mlango ni wako. Lakini yeye hatorudi."

"Kasema yeye, Mjomba?"

"Hasemi kitu, unajua."

"Basi tungoje aseme."

Nilijibu kwa ujeuri ambao sikujua ninao. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nyumba yetu ya Mombasa bila yeye ni kuta tu. Na aliyekuwa hanitaki miaka yote, akipata ulimi, atanichagua kwa lipi? Nilimuuliza Govindan nini kitarudi. Alifikiri sana. Mguu, nusu. Mkono, sehemu kubwa, lakini kidole cha mwisho hakirudi, nisikingoje. Ulimi hakuahidi kitu.

Ulimi ukaanza siku ya kumi na saba. "Mi," alisema Bi Thuwaiba, juu ya ubao. "Mi... mi..." Nikadhani anataka maji, nikakimbia kumletea. Alisukuma kikombe. Kesho yake tena, "Mi... mi...", nikamletea ya vuguvugu, nikidhani yale ya jana yalikuwa baridi. Akafumba macho. Kila siku alisema, kila siku nilimpa maji, na kila siku uso wake ulizidi kunichukia, au mimi ndivyo nilivyousoma.

Ghala

Baada ya siku ishirini na moja Govindan akasema mafuta yametosha. Sasa apate maji ya moto yatokayo ardhini, asubuhi saba. Maji hayo yako kijiji cha Ghala, upande wa Bausher, si mbali na Ansab. Tukapata nafasi katika lori lililobeba ndimu kavu, mimi, mgonjwa na Bi Gul, tumekaa juu ya magunia. Kwenye mchanga wa bonde magurudumu yakazama. Dereva hakuhangaika hata kidogo. Aliwasha moto wa vijiti, akapika kahawa, akatugawia tende, akalala chini ya lori mpaka wakaja watu na ngamia wakatuvuta. Tulikaa pale nusu ya siku, milima inabadilika rangi, na ndimu zinanukia juani.

Ghala ni mitende na vijumba vya udongo, na maji yanatoka jabalini ya moto, yanapita katika mfereji hadi mashambani. Wanawake wamejengewa ukuta wao wa kuogea. Alfajiri ikisha pambazuka kuna baridi, na mvuke unasimama juu ya maji usione mtu wa mbele yako. Tulimwingiza Bi Thuwaiba na nguo zake mpaka kifuani. Bi Gul alikaa ukingoni, akasinzia.

Ilikuwa asubuhi ya tano. Nilikuwa nimeushika mkono wake wa kulia chini ya maji, ninashusha, begani hadi vidoleni, bila ya kufikiri.

"Mi... mi..."

Nikanyoosha mkono kuchukua kikombe ukingoni. Akakipiga. Kwa mkono ule ule wa kulia, uliokufa, alikipiga kikombe kikaruka kikaangukia majini. Sote wawili tukautazama mkono wake.

"Mimi," akasema. Neno zima. "Mimi. N'limwambia."

"Ulimwambia nani, Mama?"

"Khalfan." Alipumua, akalitafuta neno jingine, nikaliona linavyomtaabisha. "N'limwambia aondoke. Yeye... hakutaka. Mimi. Si wewe."

Mvuke ulikuwa umetufunika. Nilisikia maji yanavyokwenda mferejini na nikadhani labda nimesinzia na mimi. Miaka mitatu na zaidi nilikuwa nimebeba mzigo usio wangu, nimeulalia na kuamka nao. Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nikauliza, polepole, "Kwa nini basi ukanambia mimi?"

"Ulikuwa karibu," akasema.

Machozi yalinitoka nikayaacha. Hakuomba msamaha, wala sikumwambia nimemsamehe. Ningesema uwongo asubuhi ile. Niliushika tena mkono wake nikaendelea, kwa sababu ilikuwa bado zamu ya kiwiko. Siku mbili zilizobaki sikusema naye ila ya lazima. Ya saba nikagundua kwamba nimekaa karibu naye, bega kwa bega, na hasira sikuiona ilikokwenda.

Kuondoka

Tuliporudi Maskati aliingia nyumbani kwa miguu yake, kwa bakora, mguu mmoja unaburura. Mjomba alilia kwa sauti. Kisha, mbele yangu, akamuuliza: "Dada yangu, utakaa au utakwenda?"

"N'takaa."

"Na Raya?"

"Raya aende."

Niliondoka mle chumbani. Nilikwenda jikoni nikashika mchi nikatwanga kinu kilichokuwa hakina kitu. Bi Gul alinitazama, akatoka, akaniachia jiko. Nilijiambia: umemchua siku ishirini na nane, umempa ulimi, na neno alilolitakia ulimi huo ni kukufukuza.

Meli ikaja baada ya siku tatu. Asubuhi ya safari Bi Thuwaiba aliniita. Alikuwa amekaa kwenye kiti kifupi, na kando yake bakuli la mafuta yaliyopashwa.

"Kaa," akasema.

Nikakaa chini, mgongo kwake. Alinivua mtandio, akazifumua nywele zangu.

"Umekasirika."

"Nimekasirika, Mama."

"Ukikaa," alisema, na kila neno alilipanda kama ngazi, "utanichua mpaka nife. N'nakujua. Utazeeka na miguu yangu. Una miaka thelathini na nne." Akapumzika. "Kaka yangu ana mimi. Mimi nina yeye. Wewe... nenda ukatafute wako. N'nakufukuza, ndiyo. Sijui kusema vizuri."

"Hata zamani ulikuwa hujui," nikamwambia.

Nikamsikia anacheka, ile nusu ya cheko lake. Kisha akachovya mkono wa kulia kwenye bakuli. Vidole vinne vilifunga, cha mwisho kimesimama peke yake. Akauweka utosini mwangu. Ulikuwa unatetemeka na hauna nguvu hata ya mtoto, na mafuta yalinimiminikia kipajini, yakaniingia macho na masikio, yakaharibu nguo yangu ya safari. Mjomba alibisha hodi akasema mashua inangoja.

"Ingoje," alisema mkwe wangu, akaendelea kunichua.